Générose wa Akabenzi na Sahani ya Mama Yake

Niseme mapema kabla hamjaniuliza: nguruwe sijamla, simli, na Mungu akinijalia nitazikwa sijamwonja. Nimezaliwa Biryogo, mtaa wa Waislamu. Babu yangu alifika Kigali na mizigo ya vitambaa kutoka pwani, na nyumbani kwetu hata jina la mnyama huyo lilikuwa halitajwi mezani. Lakini mkitaka habari za nyama ya nguruwe katika mtaa wetu wa Niboye, pande lipi lina mafuta, lipi linampa mtu nguvu na lipi linamharibia moyo, njooni kwangu, Mama Usumani fundi cherehani. Naijua kuliko wanaoila. Aliyenifundisha, kwa nguvu na bila kuombwa, ni jirani yangu Générose.

Ukuta mmoja wa matofali ndio unaotutenga. Upande huu niko mimi na cherehani zangu. Upande ule yuko yeye na jiko la mkaa, karai kubwa, na ndoano zenye mapaja ya nguruwe nyuma ya kioo. Mteja anaingia, anachagua pande lake likiwa bichi, linapimwa, kisha anakaa na chupa yake kusubiri. Hapa mjini nguruwe anaitwa akabenzi, ati ni nyama ya kifahari kama gari la Benzi. Kuanzia mchana utasikia dereva wa pikipiki anafunga breki mlangoni: "Mama Kaze, akabenzi iko?" Naye anajibu kwa sauti inayonifanya nijichome sindano, "Iko! Kaa chini, ngoja ive!"

Na anawangojesha kweli. Générose haogopi mteja. Mtu akianza kulalamika kwamba njaa inamuua, anamwambia, "Basi kufa taratibu, mimi nyama mbichi sitoi." Anaichemsha kwanza ndani ya mafuta yake yenyewe, anayamwaga mafuta hayo, ndipo anaikaanga na vitunguu na pilipili hoho, na haitoki jikoni mpaka ameikata katikati mbele ya macho yako uone hakuna wekundu. Nimewaona watu wazito, wenye magari kutoka Nyarutarama, wakikaa pale kwenye viti vya plastiki na kumeza mate mbele ya jiko lake.

Tumegombana naye, wee! Moshi. Moshi ule hauna adabu, unapita juu ya ukuta unaingia kwenye nguo za watu. Kuna bibi harusi alikuja kuchukua shela lake, akalinusa, akaniuliza kama nimelishonea jikoni. Niliona dunia inazunguka. Nikachukua rula yangu ya mbao nikaugonga ukuta mpaka chokaa ikadondoka. "We Générose! Utanifilisi!" Akatokea mlangoni na mwiko mkononi, akamtazama bibi harusi, akasema, "Dada, bahati yako. Bwana harusi akisikia harufu hiyo hatakuacha kamwe." Yule msichana akaangua kicheko, mimi nikabaki na hasira zangu peke yangu. Shela nililifua upya usiombe, na Générose ndiye aliyenichotea maji.

Nampenda mwanamke huyo. Nasema wazi, kwa sababu akisikia nimemsifu atavimba kichwa, na mwacheni avimbe. Alikulia Tanzania, huko Karagwe, kwenye miaka ya ukimbizi, akarudi na wazazi wake akiwa msichana. Kiswahili chake kimenyooka, ndiyo maana tulipatana tangu siku ya kwanza. Na siku hizo za kwanza alifanya jambo ambalo sijalisahau. Aliniona nasitasita kupokea chai yake, hakuuliza kitu, hakununa. Kesho yake alirudi na chupa mpya ya chai na vikombe vipya, bado vina karatasi ya dukani, akavifungia chumbani kwake mbali na jiko. "Hivi ni vyako," akaniambia. "Hakuna mkono wa nguruwe utakaovigusa." Mpaka leo nikienda kwake, chai yangu inatoka chumbani.

Sasa elimu yangu ya nguruwe ilianza hivi. Kuna kijana anaitwa Muhire, mtu wa lishe kwenye kituo cha afya, mpenzi mkubwa wa akabenzi. Siku moja Générose alimtania kwamba yeye anayewakataza watu vitu vitamu anafuata nini kwake. Muhire akaweka uma chini, akajibu kama yuko darasani. "Mama, nyama hii inasemwa vibaya bure. Paja kama hili, ukiliondoa mafuta, ni protini kamili ya kujenga mwili. Lina zinki, lina chuma, na lina vitamini B1 nyingi kuliko nyama ya ng'ombe. Hiyo ndiyo inayousaidia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu, na inalinda mishipa ya fahamu. Ubaya ni pale mnapokula mafuta yake, chumvi mnayomwaga, na bia mnazosukumia. Na ikiachwa mbichi ndani, minyoo ya tegu inahamia tumboni mwako."

Jamani, ni kama alimpa cheo! Tangu siku hiyo Générose haiiti nyama tena, anaiita lishe. Mwalimu akija na mafua, "Kula lishe." Fundi seremala akisema mgongo unauma, "Paja, si mbavu, toa mafuta, utainuka." Bia na chumvi hakuvitaja tena, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Maneno ya Muhire yakawa yanaongezeka kila wiki. Mwisho nikamsikia akimwambia mteja kwamba nguruwe huongeza akili. Nikashindwa kuvumilia, nikapaza sauti kupitia ukutani: "Akili ya nani? Mimi ndiye ninayewaona wakitoka hapo!" Walicheka wote, na yeye akacheka kuliko wote.

Basi akaja mama yake.

Bibi Kankindi alikuwa akiishi na mwanawe wa kiume, Benon, kule Nyagatare. Benon alipohamishwa kikazi, mukecuru, ndivyo tunavyowaita akina bibi wetu kwa heshima, akaletwa Niboye kwa Générose. Siku ile aliteremka garini amesimama wima, mrefu, kilemba cheupe, sauti ya mtu aliyezoea kuimba kanisani. Ni Msabato. Si Msabato wa jina: Jumamosi haoni jiko, na nguruwe kwake ni najisi kama ilivyo kwangu. Tulipojuana alinishika mkono akasema, "Binti Islamu, mimi na wewe tutaelewana," tukacheka.

Mtauliza, mama Msabato na binti muuza akabenzi waliishije? Waliishi kwa heshima. Mukecuru hakuwahi kumlaumu mwanawe. Akabenzi ndiyo iliyomsomesha Benon, ndiyo iliyojenga nyumba ile, ndiyo inayomweka mtoto wake Kaze chuoni Huye, na bibi alilijua hilo. Générose naye alijitahidi. Mama yake hakuwekewa kipande cha nguruwe hata siku moja. Alipikiwa maharage yake, mboga zake, ndizi zake. Aliniambia kwa fahari, "Mama yangu nampikia peke yake." Nami nikasema vizuri.

Lakini mukecuru akaanza kupungua. Mwanzoni tulisema ni kubadili mahali. Halafu mashavu yakaingia ndani, kilemba kikawa kikubwa kuliko kichwa, sauti ile ya kanisani ikawa ya mtu anayenong'ona. Akawa anashika ukuta akitembea. Générose alikuwa anachanganyikiwa. Alikuwa analisha nusu ya wilaya yetu ya Kicukiro, watu wanatoka kwake wanameremeta, na mama yake ndani ya nyumba hiyo hiyo anayeyuka. "Namwekea sahani, inarudi tupu," aliniambia. "Inakwenda wapi, Mama Usumani?"

Inakwenda wapi nilikuja kujua kwa sababu ya gauni. Bibi Kankindi aliniletea gauni lake la Sabato nilipunguze kiunoni, lilikuwa linamdondoka. Nilipomvika nilishika mbavu, wallahi, nikaona aibu kwa mikono yangu. Ilikuwa saa ya chakula, na sahani yangu iko juu ya meza: wali, maharage, kipande cha mbuzi. Nikamwambia karibu, ile karibu ya desturi ambayo mtu mzima anaijibu kwa asante halafu anageukia mambo mengine. Huku kwetu mtu wa heshima hali ovyo ovyo kwa watu. Mukecuru hakusema asante. Alinawa mikono, akavuta kigoda, akafumba macho akaomba, akala sahani yangu yote mpaka mchuzi wa mwisho. Mimi nilisimama pale na pini mdomoni, sikuthubutu hata kuzitoa.

Alipomaliza aliona haya. Ndipo akanieleza, taratibu, huku anaangalia mlango. "Yule mtoto ananipikia peke yangu, ni kweli. Lakini sufuria ni ile ile, kisu ni kile kile, mwiko ni ule ule. Nikifungua mdomo, harufu inanitangulia. Nimejilazimisha, mwanangu. Inarudi." Kumbe alikuwa anakula vitu vyenye ganda na vya karatasi tu, ndizi mbivu na mkate wa dukani. Chakula cha kwenye sahani alikuwa anawamwagia kuku wa jirani uani. Nikamuuliza kwa nini hasemi. Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Mikono ile ndiyo iliyotuvusha. Niiambie nini? Kwamba inanitia kichefuchefu?" Akaniapisha nisiseme neno. Mimi na mdomo wangu huu, nikaapa.

Basi ukawa mchezo wetu. Mukecuru alikuwa haji mikono mitupu, hapana, heshima yake ilimkataza kuja kula tu. Anakuja na sketi ya kupunguzwa. Anakuja na blauzi ya kubadilishwa kifungo. Anakaa, anakula, anaondoka. Nilimwambia aje hivi hivi, nikamwambia kwangu ni kwake, akaniambia, "Ndiyo, ndiyo," na siku nyingine akaleta shuka. Jamani, bibi yule alimletea fundi shuka ipunguzwe! Nikaipunguza. Halafu nguo zikaisha. Mwanamke aliyerudi kutoka ukimbizini na sanduku moja hana kabati la nguo. Zilipoisha, akaacha kuja, nami kiapo kikanizuia kumfuata.

Ndipo akaanguka. Alikuwa anavuka mfereji mdogo mbele ya duka langu, miguu ikakataa. Mimi na Générose tulimbeba, na nawaambia tulibeba unyoya. Kwenye kituo cha afya muuguzi Ikirezi, mtu mpole asiyezunguka na maneno, alimpima damu, akamzungushia ule mkanda wa kupima lishe kwenye mkono wa juu, akamgonga magoti. Kisha akatuita pembeni. "Hana ugonjwa mkubwa. Hali chakula. Mwili umekosa protini na vitamini za kundi B, ndiyo maana miguu inakufa ganzi. Apate nyama, samaki, mayai, maharage, karanga, maziwa. Lakini apate sasa. Katika umri huu, akiendelea hivi, kwanza miguu itamwacha, halafu atatuacha yeye."

Ikirezi alitaja vitu vingi, nilivisikia kwa masikio yangu. Générose alisikia kimoja. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaongea peke yake: nyama, B, mishipa ya fahamu, yale yale ya Muhire. Nikajua kichwa chake kimeshaanza kupika kitu, na kwa kweli sikupenda harufu yake.

Asubuhi iliyofuata aliingia dukani kwangu kabla sijafagia. Macho mekundu. Alikuwa amekumbatia bakuli lenye kifuniko.

"Mama Usumani, nisaidie. Usikatae kabla sijamaliza."

"Kuna nini humo?"

"Wakati wa Idd mama alikula sambusa zako. Nilimwona, alikula mbili akaomba ya tatu. Hii nimeisaga laini kabisa, ni paja, nimetoa mafuta yote, hata mimi ukiniletea siwezi kuitambua. Wewe kunja sambusa zako kama kawaida, weka vitunguu na bizari, umpelekee. Kwako atakula. Hatajua."

Kwanza sikuelewa. Halafu nikaelewa, na damu ikanipanda mpaka masikioni.

"Toa hicho kitu dukani kwangu."

"Ni dawa, Mama Usumani! Mungu anajua ni dawa!"

"Toa! Nje! Iweke kule kwenye mfereji! Astaghfirullah, Générose, umerogwa? Unataka niingize nguruwe ndani ya sambusa, kwa mkono wangu, nimlishe mwanamke anayeniamini?"

"Anakufa!" Alipiga kelele, mpaka mtu wa duka la simu ng'ambo akachungulia. "Mama yangu anakufa mbele yangu, na nguvu zenyewe ziko pale zinaning'inia kwenye ndoano! Wewe una mama? Wewe wako alizikwa ameshiba!"

Hapo mimi nikasahau kiapo. Naapa sikukusudia, lakini hasira zangu mnazijua. "Anakufa kwa sababu yako!" nikasema. "Hali kwako kwa sababu kila kitu chako kinanuka nguruwe! Sufuria, kisu, mwiko! Chakula chako wanakula kuku! Anakula kwangu, Générose, amekula kwangu mpaka nguo za kupunguza zimemwishia, kwa kuwa kwangu ndiko mahali pekee katika mtaa huu ambapo ana hakika hakuna kitu hicho. Na wewe unataka kumwondolea hata hapo?"

Akakaa chini. Si kwenye kiti, chini, sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa, na bakuli lake mapajani. Sikujua nitie wapi uso wangu. Nililiona neno langu limemkata, na neno likishatoka halina uzi wa kulirudishia.

Kisha alisema, "Kwa nini hakuniambia?"

"Anakupenda. Hakutaka kuidharau mikono yako."

"Nilimpikia peke yake."

"Kwenye sufuria ile ile. Mimi jirani tu ulininunulia vikombe vipya siku za kwanza kabisa. Yeye vikombe vyake viko wapi?"

Akanitazama, machozi yanatiririka bila sauti. "Wewe ulikuwa mgeni," akasema. "Yule ni mama yangu."

Ni kweli. Mgeni tunamfikiria, mama tunaona tunamjua. Nikakaa sakafuni pale pale kando yake, tukalia wote wawili kama watoto, na mimi nguo ya mteja nikaitumia kufutia kamasi, Mungu anisamehe.

Akaanza kusema atafunga biashara. Atavunja karai, atauza viti. Hapo hasira zikanirudia, afadhali. "Ufunge ili iweje? Kaze asome kwa pesa gani? Mama yako angetaka ufunge, angekuambia. Na kwani Mungu aliweka nguvu zote ndani ya nguruwe? Ikirezi alisema mayai, alisema karanga, maharage, samaki, maziwa. Nilikuwepo! Hizo protini unazohubiri na hizo B zako ziko humo pia. Mbuzi wa bucha ya Biryogo mama yako anakula. Unachokosa wewe si lishe. Unakosa sufuria safi." Nikainuka, nikaning'iniza funguo mbele ya uso wake. "Jiko langu liko nyuma. Lakini huingii humo hivyo ulivyo."

Mngemwona akioga! Alifunga grili yake siku nzima, jambo ambalo wateja waliliongea wiki nzima. Alijisugua kwa sabuni na limao mpaka kwenye viwiko, akakata kucha, akasuka nywele kwa nyuma akafunga. Nguo zake nikazikataa, nikampa gauni langu na kanga ya kichwani. Alipojitazama kwenye kioo changu cha kupimia alicheka kwa mara ya kwanza. "Nimesilimu?" Nikamwambia aache upuuzi, maharage yanasubiri.

Nilisimama mlangoni mwa jiko langu mwenyewe kama mgeni. Yule mwanamke akiwa jikoni hapana mtu mwingine. Alichemsha maharage, akayaponda kidogo kwa mgongo wa mwiko kama mama yake alivyomfundisha, akatwanga karanga akazikoroga ndani mpaka mchuzi ukawa mzito. Akakaanga dagaa kwa nyanya. Akachemsha mayai, akapika mchicha na ndizi, akaacha mbuzi aive mpaka nyama inaachana na mfupa. Alikuwa anaonja na kuongea peke yake: "Hii protini, hii B, hii chuma." Mara mbili aliniuliza, "Je, akikataa?" Nikamwambia hatakataa. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Mchana nikatuma ujumbe kwa Bibi Kankindi kwamba gauni la Sabato linahitaji kupimwa tena. Alikuja na fimbo, hatua hatua, nikatoka kumshika. Générose akajificha nyuma ya pazia la kile chumba changu kidogo cha kujaribia nguo. Alikuwa ameapa hatatoka. "Akiniona atajilazimisha kula," alisema. "Nataka ale kwa sababu anataka."

Nikamketisha. Nikamletea maji ya kunawa. Nikaweka sahani mbele yake. Mukecuru akafumba macho akaomba, maombi marefu ya Wasabato, nami moyoni nikaomba ya kwangu. Akachukua maharage kwa ncha ya kijiko. Akayaweka mdomoni. Akasimamisha kijiko.

Alinitazama mimi. Akatazama sahani, yale maharage yaliyopondwa nusu, zile karanga. Nilidhani atasukuma kando. Halafu akashusha kijiko tena, na safari hii kikapanda kimejaa. Akala. Alikula maharage, akala dagaa, akala yai, akaichambua nyama ya mbuzi kwa vidole, taratibu, hana haraka, anatafuna kila kitu kama mtu anayesoma barua kutoka mbali. Machozi yalikuwa yanashuka, naye anatafuna. Mimi nilijifanya natunga uzi kwenye sindano na sikuliona tundu.

Sahani ikawa tupu. Akaipangusa kwa kipande cha mwisho cha ndizi, akakila nacho.

"Mdomo wako, Binti Islamu," akaniambia, lakini hakuwa na hasira.

"Nisamehe, bibi."

Akageuza uso kwenye pazia. Sauti yake ilikuwa bado dhaifu, lakini ilikuwa ile ya zamani, ya kanisani.

"Générose, mwanangu. Toka huko. Leo nimekula kwako."

Pazia likasogea. Générose akatoka ndani ya gauni langu, uso umelowa wote, akasimama mbele ya mama yake asijue pa kuweka mikono. Mukecuru aliishika, yote miwili, akaipeleka puani akainusa polepole, kisha akaiweka shavuni kwake ikakaa hapo.

"Kuna nyingine?" akauliza.

Générose akachukua sahani, akaenda kumwongezea.